Baraza la Mbambakofi

Mwanamkasi aliosha baraza lake jipya la uani mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, utadhani hapo ndipo atakapoandaliwa sultani. Majirani zake wa Likoni walimcheka, lakini walimchekea mbali, maana ulimi wa mama huyo ulikuwa na makali yake. Siku ya nne tangu mjukuu wake azaliwe, alimwaga ndoo ya maji juu ya mbao, akainama na ufagio wa chelewa, na ndipo alipoona mahali pamoja pasipolowa. Palikuwa karibu na ngazi, upana wake wa kumtosha mtu mzima aliyeketi na kukunja miguu. Maji yalipafikia, yakagawanyika, yakapita huku na huku. Akamwaga ndoo ya pili palepale, na maji yakagawanyika vilevile.

Alijiambia ni mafuta ya mti. Mbambakofi ni mti mgumu, una mambo yake, na fundi alikuwa amemwambia kwamba mbao mpya hutoka jasho hata miezi mitatu. Akafagia palipobaki, akaegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani kumkorogea mzazi, binti yake, uji wa pilipili manga. Lakini alipokuwa akikoroga mwili ulimsisimka, na sababu aliijua. Wacha niliseme mapema, nisije nikaambiwa nimemfichia: aliijua tangu siku ile ya kwanza.

Baraza la zamani lilijengwa na marehemu mumewe, aliyekuwa mpishi katika hoteli moja ya Shelly Beach. Hoteli ilipobomoa sakafu ya baa yake, yeye akazibeba zile mbao kwa mkokoteni akazipigilia uani juu ya nguzo fupi. Hazikuwa mbao za mti. Zilikuwa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi mashineni, ukavishwa ngozi ya plastiki juu, na watu wa mtaa walikuwa wakiziita mbao za unga. Zilimeta vizuri miaka sita. Kisha masika ya mwaka wa tisini na tatu yakazikuta ngozi imechanika, maji yakaingia, zikafura kama mandazi, na asubuhi moja mguu wa Mwanamkasi ukazama ndani mpaka gotini.

Na wakati ule binti yake wa pekee, Dhahabu, alikuwa na mimba ya kwanza ya miezi minane. Kwetu mimba ya kwanza hurudi kwa mama. Mumewe Mwinyihaji, kijana mpole aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Bamburi, alikuwa amlete kutoka Magogoni Ijumaa inayofuata, azalie kwao na akae arubaini yake kwao. Chumba cha nyuma kilikuwa na joto la tanuri. Mwanamkasi alitaka mzazi wake apate pa kupungia hewa, penye ua wa makuti na kivuli, mahali ambapo wageni wakija kumwona mtoto wataona mbao za heshima. Akamwita seremala Masha, Mgiriama mmoja mnyamavu, mlokole asiyejua kupunja mtu, akamwambia ang'oe uchafu wote ule, aweke mbambakofi, na amalize kabla ya Ijumaa.

Masha aling'oa mbao za unga kwa nusu siku. Chini yake, pembeni, penye kivuli kisichowahi kuguswa na jua kwa miaka sita, akakuta tundu. Mdomo wake ulikuwa wa mviringo, mpana wa kikombe, umesuguliwa ukawa laini, na ukiweka kiganja juu yake ulihisi hewa ya vuguvugu ikipanda na kushuka polepole. Halikuwa na mchwa. Halikuwa na nyayo za panya. Masha akasimama na nyundo mkononi, akasema kwamba nguzo ya pembeni wasiisimamishe hapo, waisogeze hatua moja, na ikiwa mama hataki kuisogeza, basi wangoje kesho, kwanza waseme maneno mawili ya adabu. Kwao hakuna anayeziba mlango asioujua bila kubisha. Mwanamkasi akamjibu kwamba alimwajiri seremala, hakumwajiri kuhani, na nguzo ikisogezwa baraza litakwenda mshazari.

Masha hakubishana. Akaenda kula. Jikoni aliacha sufuria ya oili chafu ya magari ikichemka, ile wanayopaka miguu ya nguzo ili mchwa wasiile. Jua lilikuwa utosini, mtaa mzima umelala. Mwanamkasi, aliyekuwa hashiki hata kijiko bila kusema Bismillahi, safari hii alikuwa na hasira, anamnung'unikia Masha na ushirikina wake, anahesabu siku zilizobaki hadi Ijumaa, na ulimi wake ukasahau. Hata tahadhari ya watoto, ile ya kuwaambia wasioonekana "jihadharini, maji ya moto," inayosemwa na kila mtoto wa pwani kabla ya kumwaga maji ya wali yaliyochemka, hakuisema. Aliishika sufuria kwa kipande cha gunia, akaimimina yote tunduni.

Ndani kukatoka kilio. Kilikuwa kifupi, cha kitoto kichanga kilichoshtuliwa usingizini, na kikakatika katikati.

Alisimama mpaka sufuria ikapoa mkononi. Kisha akasukumia mchanga kwa mguu, akakanyaga, akakanyaga tena. Masha aliporudi alimwambia lilikuwa tundu la panya na sasa limezibwa. Masha aliutazama mchanga ule, akamtazama yeye, akasimamisha nguzo. Ijumaa baraza likawa tayari, jekundu, zito, mbao zimekazwa kwa misumari iliyotobolewa njia kwa keekee kwanza, maana mbambakofi huipinda misumari ovyo. Masha aliapa kwamba hata ng'ombe apite juu yake halitalia.

Dhahabu alijifungua mtoto wa kiume, salama, kwa mkunga wa pale pale mtaani. Mtoto alinyonya siku mbili. Siku ya tatu akaligeuzia ziwa uso, na tangu hapo hakulishika tena. Kilichomchanganya Mwanamkasi ni kwamba mtoto hakukonda. Alinenepa. Shingo ikaingia mikunjo, mapaja yakajaa, akalala usingizi wa mtu aliyeshiba, na mara nyingine walimkuta na tone jeupe pembeni ya mdomo. Dhahabu ndiye aliyeteseka. Maziwa yalimjaa yakawa mawe, akashikwa na homa, ikabidi ayakamue kikombeni na kuyamwaga huku akilia. Alitaka kwenda kliniki akaulize. Mamake akamkataza. Watu watasema ana ziwa chungu, la kuua watoto, alisema, na neno hilo likishatoka halirudi; mtoto mwenyewe si huyo, amenona?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwanamkasi alikuwa akiwaambia wenzake methali hiyo kila leo.

Siku ya saba walichinja mbuzi wa akika, mtoto akaitwa Mbwana. Wageni wakalisifu baraza. Hakuna aliyeuliza kwa nini watu wote waliketi upande mmoja, na kwa nini kila aliyejaribu kuketi karibu na ngazi aliinuka baada ya muda mfupi akisema pana joto. Ile sehemu isiyolowa ilikuwa imehama. Siku ya nne ilikuwa penye ngazi. Siku ya nane ilikuwa katikati. Siku ya kumi Mwanamkasi alimwaga maji na kuona kwamba imefika kwenye kizingiti cha chumba cha mzazi.

Mbao nazo zikaanza kulia. Hazikulia mtu akipita. Zililia kukiwa hakuna anayepita, alasiri, taratibu, mlio mmoja wa uzito unaotua, halafu kimya, halafu sauti ndogo ya kiganja kinachopigapiga mgongo laini, pa, pa, pa, kwa mwendo ambao kila aliyewahi kubembeleza mtoto anaujua.

Siku ya kumi na moja aliingia chumbani akaona mkono wa mtoto ni mtupu. Kile kitambaa cha mvuje, kinachofungwa kila kichanga ili harufu yake kali iwafukuze wabaya, kilikuwa kimewekwa juu ya mto, uzi wake umekunjwa vizuri. Akamuuliza Dhahabu ni nani aliyekifungua.

"Si wewe uliniambia nikifungue?" Dhahabu alisema kwa sauti ya chini, mtoto asiamke. "Ulisema kinamkera pua mtoto. Ulikuwa umesimama hapo mlangoni."

"Lini?"

"Adhuhuri. Ulikuwa umejitanda kanga uso mzima." Dhahabu akamtazama mamake, macho yakamtoka taratibu. "Mama, usiniambie hukuwa wewe."

Mwanamkasi akamwambia alikuwa yeye, amesahau tu, uzee huo. Akakifunga upya kile kitambaa, mafundo matatu.

Kesho yake jua lilipofika utosini Dhahabu alikuwa bafuni akijikanda, na mtoto amelazwa barazani juu ya mkeka, ndani ya chandarua, hatua nne kutoka jikoni. Mwanamkasi alikuwa akitwanga pilipili manga, akapumzisha mchi ili apanguse jasho, na katika ule utulivu akasikia mtu anameza. Akameza tena, na tena, kwa pupa ya mtoto mwenye njaa iliyopata dawa yake, naye akajiambia Dhahabu ametoka bafuni, Alhamdulillahi, mtoto ameshika ziwa, akaenda mlangoni akichungulia kwa furaha, na akaona kwamba chandarua kimeinuliwa na kukunjwa juu, kwamba hakuna Dhahabu wala mtu yeyote, kwamba kichwa cha mjukuu wake kimeinuka shubiri nzima kutoka kwenye mkeka na kulala juu ya hewa tupu, shavu limebonyea upande mmoja kwa kukandamizwa na kitu, mashavu yakienda, koo likienda, uzi wa maziwa ukichuruzika kidevuni na kudondoka kwenye mbao, na zile mbao chini yake zimebonyea kwa uzito, na harufu ya udi ikija kwanza, nzuri, ya nyumba ya harusi, kisha nyuma ya udi ile nyingine, ya oili iliyoungua na nyama. Alitaka kusema Bismillahi. Ulimi ulikuwa kipande cha ubao mdomoni. Kichwa cha mtoto kikashushwa mkekani polepole, kwa uangalifu wa mtu anayejua kulaza mtoto, chandarua kikateremshwa, na mbao zikalia mara moja mtu alipoinuka.

Mtoto akacheua, akalala.

Jioni ile Mwanamkasi alituma mtu Mtongwe kwa Bi Mwanatabu. Huyu alikuwa mganga wa majini aliyejulikana kote Kusini, mwanamke mfupi, mtafuna tambuu, asiyependa maneno mengi. Alifika asubuhi na mkoba wake, akalizunguka baraza mara moja akinusa, akakataa kuketi juu yake. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna ubaya wowote waliofanyiwa hawa wageni wasioonekana. Mwanamkasi akasema hakuna. Swali la pili lilikuwa kama mtoto ananyonya. Mwanamkasi akamwambia amtazame mwenyewe alivyonona.

Dhahabu alikuwa ameketi kando, kichwa amekiinamisha. Hakusema kitu. Alikuwa amekatazwa.

Bi Mwanatabu akafukiza ubani, akamketisha Dhahabu kwenye kigoda, akamfunika shuka nyeupe, akamnywesha kombe, zile aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya marashi. Akasoma. Moshi ulipotanda, Dhahabu alianza kuyumba mbele na nyuma, mwendo uleule wa kubembeleza, na sauti iliyotoka chini ya shuka haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyelia mpaka akakaukiwa.

"Wangu alikuwa na siku tatu," ilisema. "Alikuwa amelala."

Bi Mwanatabu akauliza nani alimfanya nini.

"Muulize mwenye nyumba."

Moshi ulipanda. Mganga akageuka taratibu, akamtazama Mwanamkasi, akasogea mpaka midomo yake ikafika sikioni pake. "Sikiza, dada yangu. Kama kuna kosa, mimi nasuluhisha. Nitaomba radhi kwa niaba yako, tutatoa kafara, mambo yataisha. Kama hakuna kosa, nitamtoa kwa nguvu na nitamfungia mlango. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Niambie."

Mwanamkasi alimtazama bintiye chini ya shuka. Alimwona anavyoyumba. Aliwaza kwamba akisema sasa, Dhahabu atasikia, yuko hapo hapo, na atajua kwamba maziwa yaliyomgeuka mawe kifuani, na homa, na hofu, vyote vimetoka jikoni kwa mamake. Aliona haya. Aliogopa kuchukiwa kuliko alivyoogopa jini.

"Majini waongo, Bi," akasema. "Mtoe."

Akatolewa. Bi Mwanatabu alisoma mpaka sauti ikamkauka, akazindika nyumba, akafukia chupa nne zenye aya na mvuje kwenye pembe nne za baraza. Alipofukia ya nne, Dhahabu alianguka kutoka kwenye kigoda, na kilio kikapita juu ya ua kikielekea pwani, kilio cha mwanamke kisicho na maneno, kikififia, mpaka mbwa wa Shelly Beach wakakipokea huko mbali. Dhahabu alipozinduka hakukumbuka kitu. Mwanamkasi alimwaga ndoo ya maji barazani, na maji yakalowesha kila ubao, kutoka ngazi hadi kizingiti. Alilia kwa raha.

Alfajiri mtoto akaamka na njaa. Mwanamkasi akafurahi, akasema leo atanyonya. Dhahabu akampa ziwa. Mtoto akaligeuzia uso. Akapewa la pili, akageuza. Wakajaribu kijiko, chupa, maziwa ya mbuzi, maji ya sukari. Vyote alivitema, akilia, kichwa akikigeuza huku na huku kutafuta kitu ambacho hakikuwapo chumbani. Siku ya pili Mwinyihaji aliitwa kutoka kazini, wakavuka feri hadi hospitali ya kisiwani. Daktari alimpima kila mahali, hakuona ugonjwa. Walimpitishia maziwa kwa mpira puani akayatapika yote. Wakamtundikia maji mkononi, mshipa ukakataa. Na siku ya nne daktari mwenyewe, kwa huruma, akamwambia Mwinyihaji kwamba akitaka kumrudisha nyumbani hatamzuia.

Walimrudisha. Mikunjo ya shingo ilikuwa imekwisha, ngozi imelegea, utosi umebonyea ukaweza kutia kidole. Hakuwa na nguvu ya kulia tena. Alifungua mdomo tu na kuufunga.

Bi Mwanatabu akaletwa mara ya pili. Safari hii hakutoa kitu mkobani. Alimuuliza Dhahabu, siyo mamake, mtoto alianza kukataa ziwa lini, na Dhahabu akamweleza yote: siku ya tatu, maziwa ya kikombe, tone jeupe mdomoni. Mganga alifumba macho. Kisha akamwambia Mwanamkasi kwamba yule alikuja kudai roho kwa roho, hilo halina shaka, lakini alikuja maziwa yamemjaa na wake amekufa, akasikia mtoto analia, na ziwa likamshinda. Kanyonyesha mara tano, kanyonyesha mara hamsini. Kwa sheria yetu na yao keshakuwa mama wa mtoto. "Na mimi, kwa maneno yako, nimemfukuza mama wa mtoto," akasema. "Nimemfunga kwa jina la Mungu, siwezi kwenda kumbembeleza. Wa kumwita ni yule anayejua alichomfanyia."

Akaondoka bila hata kunywa maji.

Mwanamkasi aliketi mbele ya bintiye, akamweleza. Alimweleza tundu, oili, jua la utosini, Bismillahi aliyoisahau. Mwinyihaji aliyekuwa mlangoni alitoka nje akashika ukuta. Dhahabu alisikiliza mpaka mwisho, mtoto mapajani, wala hakuinua uso.

"Alilia?" akauliza.

"Mara moja tu."

"Na ulijua siku zote hizi. Nilipokuwa nakamua kwenye kikombe, ulikuwa unajua."

"Nilijua, mwanangu."

Dhahabu akamfuta mtoto midomo kwa ncha ya kanga. "Nenda kamwite," akasema.

Masha akaitwa na nyundo yake na mtaimbo. Mbambakofi haung'oki kwa urahisi. Ubao wa pembeni ulimchukua asubuhi nzima, misumari ikilia moja moja. Hakusema nilikwambia. Alipouinua ubao alirudi nyuma, akavua kofia. Tundu lilikuwa wazi ubavuni mwa nguzo, mdomo wake laini, safi, na mchanga alioukanyaga Mwanamkasi ulikuwa umepangwa kando yake kuwa kilima kidogo, kirefu kidogo, cha urefu wa mkono, na kichwani kimewekwa kijiwe. Hewa haikuwa ikipanda wala kushuka.

Mwanamkasi alizichimbua zile chupa nne kwa mikono yake. Kisha akaenda kuoga, akavaa buibui lake, akajitanda, akarudi amevua viatu kama mtu anayekwenda kwenye nyumba ya matanga. Jua lilikuwa utosini. Akaketi chini kando ya kile kilima, magoti yakimlia.

"Nimekuja kukupa pole," alisema tunduni, kwa sauti ya kunong'ona. "Pole na msiba wako. Mimi ndiye niliyemwaga. Sikupiga hodi, wala sikusema jina la Mungu. Alilia nikamsikia, na nikamfukia. Nikakukana mbele ya watu. Sina cha kukupa kinachotosha. Mtoto wa mwanangu anakufa njaa. Ikiwa unataka wangu mmoja, nichukue mimi."

Wakangoja. Kivuli cha ua kikasogea kidole kimoja, viwili. Masha, nje ya ua, alikuwa akimwomba Mungu wake kwa Kigiriama. Ndipo Dhahabu akatoka chumbani mwenyewe, amembeba mtoto ambaye hakuwa na uzito, akampita mamake bila kumtazama, akatandika kanga yake juu ya mbao na kumlaza. Akasimama. Mikono yake haikutaka kumwachia. Ilimwachia, ikarudi, ikamwachia.

"Huyo hapo," akasema, si kwa sauti kubwa. "Mimi ndiye mamake na mimi ndiye ninayekupa. Mnyonyeshe. Ila usimpeleke huko kwako."

Akaingia ndani na kufunga mlango. Mwanamkasi aliinuka amfuate, akasukuma, akakuta kitasa kimetiwa kutoka ndani. Akamwita. Dhahabu akamjibu kupitia mlangoni, kwa utulivu uliomuumiza kuliko matusi.

"Kaa naye wewe, mama. Kila siku utakaa naye wewe, mpaka aachishwe ziwa. Mimi siwezi kutazama."

Miaka miwili, basi. Mwanamkasi akarudi akaketi barazani, mgongo ukutani, mtoto mbele yake. Nyuma ya mlango alimsikia Dhahabu akianza kukamua, maziwa yakigonga kikombe cha bati, na kati ya mikamuo akilia. Hewa ya vuguvugu ikapita nyayoni pake. Harufu ya udi ikaja, kisha ile nyingine. Ubao ulio kando yake ukabonyea na kulia, karibu kabisa, hata buibui lake likavutwa kidogo upande mmoja na mtu aliyelikalia.

Mwanamkasi alitazama mbele, hakuthubutu kugeuza uso. "Karibu," akasema.

Mtoto akaanza kumeza.